Mbawakawa anayekunywa ukungu: kabla hujanunua bati lenye vinundu

*"Salaam, daktari. Tunaishi juu ya mgongo wa mlima. Msimu wa baridi ukungu hutufunika karibu kila asubuhi, lakini maji tunayafuata bondeni. Mwanangu alinionyesha video ya mdudu wa jangwa la Namib anayevuna maji hewani kwa vinundu vya mgongoni mwake. Muda si mrefu nikakutana na mfanyabiashara anayeuza mabati madogo yenye vinundu, 'kama mgongo wa mbawakawa', kila moja nusu mita ya mraba. Anasema manne yanatoa lita mia kwa siku, hata siku isiyo na ukungu, na yanatosha familia ya watu sita. Bei yake si ya mchezo. Je, mdudu huyo yupo kweli? Mabati haya yatafanya kazi? Na mwanangu anauliza, mdudu anakunywaje kwa mgongo?"*

Ndugu yangu, nikupe jibu fupi kwanza ili usije ukalipa kabla hujafika mwisho. Mdudu yupo, anakunywa ukungu kweli, ila yule anayejulikana kwa kazi hiyo hana vinundu. Mwenye vinundu ni jamaa yake mwingine. Bati lako limetokana na mkanganyiko wa wadudu wawili, na ahadi ya lita mia hata siku kavu haitokani na mdudu yeyote.

Hata hivyo, sikulaumu kwa kuvutiwa. Kisa chenyewe kinavutia, na ndani yake mna somo litakalokufaa kuliko bati. Ukungu wako unaweza kuwa na thamani. Kwa hiyo nivumilie nikueleze mambo yalivyo, maana ukimwelewa mdudu mwenyewe utajua cha kufanya bila kunitegemea mimi wala muuzaji.

Jina lake la kitaalamu ni *Onymacris unguicularis*. Ni mbawakawa mweusi, urefu wake kama sentimita mbili, miguu mirefu kana kwamba amesimama juu ya mironjo, wa familia ya Tenebrionidae. Hawezi kuruka. Mabawa yake magumu ya juu yameungana yakawa gamba moja, na chini ya gamba hilo kuna nafasi ya hewa inayomsaidia asipoteze unyevu mwingi anapopumua. Namibia wanawaita mbawakawa wa familia hii *toktokkie*, kwa kuwa baadhi yao hugongagonga tumbo chini kuitana, tok-tok, tok-tok.

Nyumbani kwake ni kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya Namib, katika ile bahari ya mchanga ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2013. Upande wa kaskazini matuta hayo yanakomea kwenye mto Kuiseb, mto ambao mara nyingi hauna maji juu, ila mafuriko yake ya mara mojamoja yanatosha kuusomba mchanga usivuke. Kando ya mto huo kuna kituo cha utafiti cha Gobabeb. Kilianzishwa mwaka 1962 na Charles Koch, mtu aliyewapenda mbawakawa hawa kiasi cha kuhamia jangwani kwa ajili yao. Mvua ya Gobabeb ni kama milimita 25 kwa mwaka mzima. Mvua moja nzito ya saa moja mahali pengine inaweza kuizidi.

Kinachookoa viumbe wa pale ni bahari. Pwani hiyo inapitiwa na mkondo baridi wa Benguela. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi inapoa, mvuke wake unakuwa vitone vidogo mno, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Usiku na alfajiri upepo unausukuma kuelekea bara, unatambaa juu ya matuta, kisha jua likichomoza unayeyuka. Mdudu ana saa chache tu.

Sasa mtazame anavyofanya. *Onymacris unguicularis* ni mdudu wa mchana. Jua likiwa kali au usiku ukiwa baridi hujifukia mchangani na kutulia. Lakini ukungu ukija hufukuka gizani, katika baridi ambayo siku nyingine ingemlaza, na kuanza kupanda tuta. Mwendo wake wakati huo ni wa mgonjwa: mguu mmoja, kituo, mguu mwingine. Anafika kwenye ukingo wa juu kabisa, pale ambapo upande mmoja wa tuta unakutana na upande mwingine unaoporomoka. Anageuka kuelekea upepo, ananyoosha miguu ya nyuma, anainamisha kichwa, mgongo unainama kwa pembe ya kama nyuzi 23. Kisha hatikisiki. Ukimkaribia na tochi unaona gamba jeusi linaanza kufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Vitone vinajitokeza, vinagusana, viwili vinakuwa kimoja, na kimoja kikishakuwa kizito kinateremka mgongoni kupitia shingoni hadi mdomoni. Anakinywa, anasubiri kingine.

Watafiti wawili, William Hamilton na Mary Seely, walilieleza jambo hili mwaka 1976. Walipima wadudu kabla na baada ya kunywa, wakakuta kwa wastani uzito uliongezeka asilimia 12, na aliyezidi wote aliongeza asilimia 34. Ni kama mtu wa kilo 60 ainuke mezani ana kilo 80. Lakini usichanganyikiwe na asilimia. Tuseme mbawakawa ana nusu gramu. Asilimia 12 yake ni sehemu 6 za mia za gramu, yaani tone moja au mawili ya maji. Ili kujaza ndoo ya lita 20 kwa kipimo hicho ungehitaji wadudu zaidi ya laki tatu, wote wamesimama kichwa chini kwa nidhamu. Kwake yeye tone ni karamu. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu waulize kwanza mnywaji ana ukubwa gani.

Sasa tuje kwenye vinundu.

Mwaka 2001 Andrew Parker na Chris Lawrence walichapisha makala fupi kuhusu mbawakawa wa Namib mwenye mgongo wa vinundu, wakimtaja kuwa wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo *Stenocara*. Walieleza kwamba vichwa vya vinundu vinapenda maji ilhali mabonde kati yake yana nta inayoyasukuma. Vitone vya ukungu vinanasa kwenye kinundu, vinakua, vikizidi uzito vinateleza kwenye nta. Walijaribu kwa shanga ndogo za kioo zilizopachikwa kwenye nta, na zilifanya vizuri kuliko sehemu iliyo laini tupu. Makala ilisambaa kama moto wa nyasi kavu. Tangu hapo kila anayetaka kuuza kifaa cha kutoa maji hewani huanza na picha ya mbawakawa.

Tatizo ni kwamba watu wa Gobabeb, waliokesha miaka mingi juu ya matuta hayo wakiwaangalia wadudu hawa, walijua jambo ambalo wasomaji wengi hawakulijua. Wanaosimama kichwa chini kunywa ukungu ni spishi mbili tu za jenasi ya *Onymacris*: huyu wetu, na *Onymacris bicolor*, mwenye mgongo mweupe, anayekaa Namib ya kaskazini. Wote wawili migongo yao haina vinundu. Wenye vinundu hata hawaishi juu ya matuta. Wao ni wa nyanda za changarawe.

Mwaka 2010 Thomas Nørgaard na Marie Dacke waliamua kumaliza ubishi. Walichukua spishi nne, mbili za migongo laini (*Onymacris unguicularis* na *Onymacris laeviceps*) na mbili za vinundu (*Stenocara gracilipes* na *Physasterna cribripes*), wakaziweka kwenye chumba chenye ukungu wa kutengenezwa. Aliyesimama kichwa chini alikuwa mmoja tu, *Onymacris unguicularis*, na alisimama hivyo pale tu ukungu ulipokuwepo. Na walipopima maji yaliyonaswa na migongo ya wote wanne, ufanisi wa kunasa haukutofautiana. Mgongo wa vinundu haukumpita mgongo laini.

Soma tena hapo, maana jibu lako limo. Spishi zote nne zina mgongo unaoweza kunasa ukungu. Mmoja tu anautumia. Kinachomtofautisha ni kuamka saa isiyo yake, kupanda hadi juu kabisa, kugeukia upepo na kuinama. *Onymacris laeviceps* ni jamaa wa karibu, mgongo wake laini unanasa ukungu vilevile, na hasimami.

Nisiwe mchoyo wa haki. Fizikia ya vinundu na nta ni ya kweli. Maabara nyingi duniani zimetengeneza nyuso za aina hiyo, na katika vipimo vidogo zinasaidia matone kukua na kuondoka haraka. Sitashangaa siku moja zikaboresha nyavu za kuvunia ukungu. Ila kati ya kipande cha ukubwa wa stempu kwenye meza ya maabara na bati juu ya paa lako kuna safari ndefu, na sijaona ushahidi kwamba muuzaji wako ameimaliza.

Kuhusu dai la "hata siku isiyo na ukungu", hapa sina lugha laini. Ukungu na mvuke ni vitu viwili. Ukungu ni maji ambayo tayari ni kimiminika, vitone vyenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 40 vinavyoelea, na mikromita ni milimita iliyogawanywa mara 1,000. Kazi ya mdudu ni kuvikamata tu. Mvuke ni gesi. Huwezi kuukamata kwa kinundu. Ili ugeuke maji lazima uukute uso uliopoa kuliko hewa ya jirani, na kila lita inayopatikana inaacha joto jingi nyuma, karibu sawa na la kuchemshia lita saba za maji ya kawaida hadi yatokote. Joto hilo lazima litoke mahali, na bati lililolala juani halina pa kulipeleka. Usiku wenye anga wazi bati linaweza kupoa likapata umande, naam, lakini umande mara chache hufika nusu lita kwa mita ya mraba kwa usiku mzima, hata penye mazingira mazuri. Mabati yako manne yana jumla ya mita mbili za mraba. Fanya hesabu: lita moja, siku njema.

Na siku ya ukungu je? Hapa nakuomba ufanye jaribio lisilo na gharama. Asubuhi ukungu ukiwa mzito na upepo unavuma, simama nje dakika kumi kisha jiguse uso. Kope zimelowa. Nyusi zimelowa. Vinyweleo vya mkono na manyoya ya sweta vimebeba vitone kama shanga. Lakini paji la uso karibu ni kavu. Kisha angalia utando wa buibui kwenye ua, halafu angalia ukuta ulio karibu nao. Utando unameremeta, ukuta umepata unyevu kidogo tu.

Sababu yake ni hii. Upepo ukifika kwenye kitu kipana unagawanyika na kukizunguka, na vitone vyepesi vinafuata upepo huo, vinapita pembeni. Ukifika kwenye kitu chembamba kama unywele hauna haja ya kujipinda mapema, unapinda ghafla mwishoni. Kitone kina uzito, hakiwezi kukata kona ghafla namna hiyo, basi kinagonga. Ndiyo maana nyuzi nyembamba zinanasa ukungu kuliko ubao, na ndiyo maana miti yenye majani kama sindano hudondosha maji chini yake asubuhi ya ukungu wakati uwanja wa pembeni ni mkavu. Bati, liwe na vinundu au bila, ni ukuta mdogo: upepo unaliona na kulikwepa. Mbawakawa ana nafuu kwa sababu yeye mwenyewe ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na amesimama kwenye ukingo ambapo upepo unabanwa na kuongeza mwendo. Ukimkuza afike nusu mita, umempotezea faida yake.

Kwa hiyo, wanaovuna ukungu kwa dhati hawatumii mabati. Wanatumia nyavu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chile, mlima El Tofo, juu ya kijiji cha wavuvi cha Chungungo. Kuanzia mwaka 1987 zilisimikwa nyavu za plastiki za kivuli, kila moja mita za mraba 48, hatimaye zikakaribia mia. Mwaka 1992 bomba lilifikisha maji kijijini, kwa wastani lita 15,000 kwa siku, kwa watu 330 hivi. Gawanya: nyavu 100 mara mita 48 ni mita za mraba 4,800, yaani kama lita tatu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Na pale ni mahali palipochaguliwa na wataalamu baada ya vipimo, penye ukungu wa Bahari ya Pasifiki unaokuja na upepo.

Sasa weka mabati yako hapo. Tuseme, kwa ukarimu mkubwa, yananasa sawa na nyavu za El Tofo. Mita mbili mara lita tatu ni lita sita. Watu sita, lita moja kila mmoja, siku yenye ukungu. Muuzaji anaahidi lita mia, yaani lita hamsini kwa mita ya mraba kila siku ya mwaka. Angekuwa nazo kweli, Chungungo wangempokea kwa ngoma.

Maana kuna sehemu ya kisa cha Chungungo ambayo wauzaji hawaisimulii. Nyavu zile leo hazipo. Kijiji kilikua, mahitaji yakaongezeka, nyavu zilichanika kwa upepo, ukarabati ukakosa mwenyewe, na watu wakarudi kununua maji ya lori. Teknolojia haikushindwa kunasa maji. Ilikosa mtu wa kupanda mlimani na sindano na kamba kila dhoruba ikipita. Ukiamua kuvuna ukungu, jiulize mapema nani nyumbani kwako atakuwa mtu huyo.

Unachoweza kufanya ni kupima kwanza. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, ya mbao au bomba. Ifunike kwa neti ya kivuli ya nyuzi bapa, ile isiyobana sana (wenzetu hutumia inayofunika asilimia 35), tabaka mbili ili nyuzi zisuguane na kudondosha maji. Isimamishe wima, ukingo wake wa chini uwe mita mbili kutoka ardhini, uso wake ukabili upepo unaoleta ukungu. Chini weka mfereji mwembamba ulioinama kuelekea dumu lenye kifuniko. Iweke mahali palipo juu na wazi zaidi, pasipo nyumba wala miti mbele yake. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wengi huiweka karibu na mlango wa jikoni kwa urahisi wa kuchota, nao mbawakawa angewacheka: yeye hupanda tuta zima.

Kila asubuhi saa ile ile pima maji, andika kwenye daftari, na uandike kama usiku kulinyesha, kwa sababu wavu hunasa mvua pia na mvua itakudanganya. Endelea msimu mzima. Wiki moja nzuri haitoshi. Nimeona watu wakifurahia siku tatu za mwanzo, wakanunua wavu wa mita hamsini, kisha ukungu ukahama. Mwisho wa msimu tafuta wastani kwa siku zote, zikiwemo zile za sifuri. Ukipata chini ya lita moja, achana nao, tumia neti kufunikia miche. Ukipata mbili au tatu, una kitu cha kufanyia kazi. Na kama muuzaji ana imani na bidhaa yake, mwombe akuazime bati moja ulisimamishe kando ya wavu wako kwa mwezi, kila kimoja na dumu lake. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Hata ukipata lita tatu, linganisha na paa lako kabla ya kujenga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 40 likipata mvua ya milimita 10 linapokea lita 400. Wavu wa mita 10 kwa lita tatu kwa mita ungechukua siku 13 za ukungu kuzifikia. Kama huna mifereji ya paa na tangi, fedha ya mabati yale ingefanya kazi zaidi huko. Ukungu uwe msaidizi wa msimu mkavu, wakati tangi limeanza kulia.

Usalama wa maji usiuchukulie kirahisi. Ukungu wa mlimani mbali na viwanda huwa msafi, lakini wavu unakusanya vumbi, wadudu na vinyesi vya ndege. Maji ya kwanza baada ya siku kavu yamwage au mwagilia bustani. Dumu lifunikwe, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Ukiwa karibu na kiwanda, machimbo au barabara yenye magari mengi, usinywe kabla maji hayajapimwa maabara, kwa kuwa vitone vya ukungu ni vidogo na hubeba uchafu wa hewa kwa wingi kuliko mvua. Na bati lililopakwa kitu usichokijua, hasa linalojisifu kwa "rangi maalumu" ya kusukuma maji, mimi nisingelinywea hata kama linatoa.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Ukifikia hatua ya kusimika wavu mkubwa kuliko mita chache za mraba, mwite fundi au mhandisi wa maji aje auone mlima wako. Wavu mpana penye upepo ni tanga la jahazi. Nguzo ikichimbuliwa usiku inaweza kumwangukia mtu au paa. Nenda pia ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu uulize kumbukumbu za upepo na ukungu, mara nyingi wanazo. Mkionja maji mapya na mtu nyumbani akaharisha, acheni kuyatumia na mwende kituo cha afya; mtoto mdogo asisubirishwe.

Ukipata nafasi ya kwenda Namib kumwona mdudu mwenyewe, nenda na mwongoza watalii anayejua matuta, na msiendeshe gari juu ya mchanga nje ya njia. Wadudu hawa siku nyingi wako chini yake. Kuwabeba nyumbani hairuhusiwi bila kibali, wala haina faida: umeshaona ungehitaji wangapi kwa ndoo moja.

Sasa swali la mwanao, ambalo kusema kweli ndilo bora kuliko yote. Mwambie mdudu hanywi kwa mgongo, anakunywa kwa mdomo kama yeye. Gamba la mgongoni ni gumu na lina nta, maji hayapenyi. Mgongo ni paa na shingo ni mfereji. Akitaka kuamini, achukue kijiko cha chuma, akiweke kwenye friji au nje kwenye baridi ya alfajiri, kisha akisimamishe kwenye mvuke wa chai, mgongo wa kijiko juu na ncha ikielekea chini. Atayaona matone yakikua, yakiungana, yakiteremka hadi nchani. Hapo ndipo mdomo wa mbawakawa ulipo. Ila mwambie pia tofauti: kijiko chake kimepata maji kwa kuupoza mvuke, mdudu anapata kwa kukinga vitone ambavyo tayari ni maji. Akiishika tofauti hiyo, siku nyingine muuzaji akija atamuuliza swali yeye mwenyewe.

Na yuko mbawakawa mwingine atakayempenda zaidi. Anaitwa *Lepidochora*, bapa kama sahani ndogo, wa matuta yaleyale. Huyu hasimami kichwa chini hata kidogo. Usiku wa ukungu anatambaa mchangani akikata mtaro mwembamba unaokingama na upepo, kingo zake zinainuka kidogo, ukungu unazilowesha kuliko mchanga wa jirani, kisha anarudi polepole juu ya kingo zile zile akifyonza maji punje kwa punje.